Usihesabu pointi peke yake: namna ya kupima mchezaji mupya wa basketi



Kila mara mtoto wa Congo anaingia NBA, ile ligi kubwa ya basketi ya Marekani, swali mu kampi ni lile lile: "Alifunga pointi ngapi?" Wakijibu ishirini, watu wanapiga makofi. Wakijibu tano, mmoja anatupa mkono: "Ule mutoto hana kitu. Arudi tu." Hukumu imekwisha, na bia bado iko nusu mu chupa.

Mimi ni delege wa sendika. Kila siku nasikiliza watu waliohukumiwa kwa namba moja. Shefu anasema: fulani hafai, tonaji yake ni ndogo. Nauliza: alipewa mashine gani? Mashine ile ilikaa saa ngapi bila mafuta? Nani alimfundisha? Mara nyingi, kisha kujibu maswali hayo, hukumu inabadilika.

Leo nataka tupime wachezaji wapya kwa akili ile ile tunayoidai ku kazi. Si juu ya mchezo tu. Wengi wetu tuko na watoto warefu nyumbani, na kuna watu wanaopita mu kampi na ahadi za Ulaya na Marekani. Mzazi asiyejua kupima mtoto wake, wengine watampimia, na watapima kwa faida yao.

MTOTO WA LUBUMBASHI NA POINTI TANO

Tuanze na mtu wa kwetu. Bismack Biyombo alizaliwa Lubumbashi tarehe 28 Agosti 1992. Kocha mmoja Mreno, Mário Palma, alimwona ku mashindano ya vijana kule Yordani, na njia ya Hispania ikafunguka. Mwezi wa kwanza 2011 akaanza kucheza mu ligi kubwa ya Hispania na ekipe ya Fuenlabrada.

Aprili 2011 alialikwa mjini Portland, Marekani, ku mechi ya Nike Hoop Summit, ambamo vijana bora wa dunia wanapambana na vijana bora wa Marekani. Alifunga pointi 12. Alikamata rebondi 11, maana yake mipira iliyokosa kikapu na kurudi. Alipiga kontre 10, maana yake alizuia mitupo ya wapinzani hewani mara kumi. Mu historia ya mechi ile, hakuna mtu aliyekuwa amefikisha kumi mu vitu vitatu kwa pamoja.

Tarehe 23 Juni 2011 ikafika drafti, ile siku ambapo ekipe za NBA zinachagua wachezaji wapya mmoja kwa mmoja. Biyombo akaitwa namba 7. Sacramento njo ilitaja jina lake, lakini kwa mapatano ya kubadilishana akaenda Charlotte Bobcats, ekipe iliyokuwa mali ya Michael Jordan. Alikuwa na miaka 18.

Mchezaji wa mwaka wa kwanza, kule wanamwita ruki. Hizi njo namba za ruki Biyombo, msimu wa 2011-2012: mechi 63, dakika 23 kila mechi, pointi 5.2, rebondi 5.8, kontre karibu 2. Mitupo ya bure, ile unayopewa kisha kukoseshwa na mpinzani, alifunga 48 tu mu kila 100.

Mtu wa "pointi ngapi" anafunga kitabu hapo: namba 7 na anafunga tano? Sisi tukifungue.

ALIINGIA MU EKIPE GANI?

Msimu ule, Bobcats ilishinda mechi 7 na kupoteza 59. Mu historia yote ya NBA, hakuna ekipe iliyomaliza msimu na sehemu ndogo ya ushindi kuliko ile. Mgeni anaingia mu nyumba inayoungua, kisha tunamuuliza juu ya nini nguo zake ziko na moshi.

Kuna jambo lingine, na watu wa sendika watalielewa upesi. Mwaka 2011 wamiliki wa ekipe na sendika ya wachezaji walishindwa kupatana juu ya kugawanya mapato. Tarehe 1 Julai wamiliki wakafunga milango. Si wachezaji waliogoma; ni mabwana wa kazi njo waliofunga. Milango ilifunguliwa Desemba, mechi zikaanza siku ya Noeli, na msimu ukapunguzwa kutoka mechi 82 hadi 66. Kwa wazee wa ligi ilikuwa hasara ya mshahara. Kwa ruki ilikuwa hasara kubwa zaidi: mashindano ya majira ya joto, ambamo wageni wanafundishwa, yalifutwa, na makocha walikatazwa kuongea nao. Ni kama kutelemsha mtu mupya chini ya ardhi bila siku moja ya mafunzo, halafu mwisho wa mwezi kumwandikia barua ya lawama.

ALIPEWA KAZI GANI?

Mu basketi kuna wachezaji watano, na kila mmoja iko na kazi yake. Biyombo hakununuliwa kwa kufunga. Mikono yake ikinyooka inapita mita 2.20. Walimpa kazi ya kulinda kikapu, kukamata rebondi, na kusimama imara ili mwenzake apite. Kumuuliza pointi ni kumuuliza fundi anayeweka miti ya kushika dari ya galeri: "Wewe ulitoa tani ngapi?" Hakutoa hata moja. Lakini asipokuwa yeye, hakuna atakayetoa.

Dikembe Mutombo anatuonyesha jambo hili vizuri kuliko wote. Mtoto wa Kinshasa, alifika Marekani kwa masomo, akasoma ku chuo cha Georgetown, na mwaka 1991 akachaguliwa namba 4 na Denver Nuggets. Mwaka wake wa kwanza ulishangaza: pointi 16.6, rebondi 12.3, kontre 3 kila mechi, na akaitwa ku mechi ya nyota wakati angali ruki.

Sasa musikilize hapa. Zile pointi 16.6 za mwaka wa kwanza hazikupanda tena hata siku moja. Alicheza hadi 2009, na hakuna msimu alioufikisha wastani ule. Mtu wa "pointi ngapi" angesema: huyu alianza juu, kisha akashuka. Kumbe mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 1994 Denver, ya 8 upande wake, iliangusha Seattle iliyokuwa ya kwanza, na Mutombo njo alikuwa ukuta. Alipata tuzo ya mlinzi bora wa ligi mara 4: 1995, 1997, 1998 na 2001. Alipokufa tarehe 30 Septemba 2024, dunia yote ya basketi ililia. Thamani yake ilipanda miaka ile ile ambapo pointi zake zilishuka.

ALIKUWA NA MIAKA MINGAPI?

Mutombo alianza NBA akiwa na miaka 25, mtu mzima, na masomo ya chuo kikuu nyuma yake. Biyombo alianza na 19. Huwezi kuweka namba zao juu ya mizani moja.

Sheria yetu ya kazi ya 2002 inaelewa jambo hili. Inasema muda wa majaribio usipite mwezi 1 kwa mtu wa kazi asiye na ufundi, na miezi 6 kwa wengine. Ni kusema ufundi mkubwa unahitaji muda mrefu kabla ya kuupima. NBA nayo iko na desturi yake: mtu aliyechaguliwa mu duru ya kwanza ya drafti anapewa kontra ambayo miaka 2 ya mwanzo ni ya hakika, mwaka wa 3 na wa 4, ekipe njo inaamua kama inaendelea naye. Hata matajiri wale hawasemi mwisho kisha msimu mmoja. Sisi mu kampi tunasema kisha mechi mbili.

NINI KILIPANDA?

Hapa njo moyo wa habari. Tuchukue Biyombo wa mwaka wa kwanza, tumweke kando ya Biyombo wa mwaka wa tano, alipokuwa Toronto, msimu wa 2015-2016. Nachagua mwaka ule juu dakika zinafanana: 23 mwanzoni, 22 Toronto. Mashine moja, saa sawa.

Pointi: 5.2 mwaka wa kwanza, 5.5 mwaka wa tano. Karibu hakuna tofauti. Rebondi: kutoka 5.8 hadi 8. Mitupo ya kawaida iliyoingia: kutoka 46 mu 100 hadi 54. Mitupo ya bure: kutoka 48 hadi 63. Mechi: kutoka 63 hadi 82, maana yake hakukosa hata moja.

Namba ile moja ambayo watu wote wanaiuliza njo haikusogea. Zingine zote zilisogea. Mtu anayetazama pointi peke yake angesema: miaka mitano, mtoto hajajifunza kitu.

Na kabla ya kupanda alishuka. Mwaka wa pili Charlotte alianza mechi 65. Mwaka wa tatu ekipe ikaleta mtu mkubwa wa kufunga, Al Jefferson, na Biyombo akaanza mechi 9 tu. Dakika zikaanguka hadi 14. Wengine wangenuna. Yeye, mu dakika zile chache, aliingiza mitupo 61 mu 100. Mwaka 2015 Charlotte ikamwacha aende bila kumpa karatasi ya kumzuia. Toronto ikamchukua kwa bei ya chini, karibu dola milioni 3 kwa mwaka. Mu NBA hiyo ni bei ya mtu wa akiba.

Mei 2016 mtu mkubwa wa Toronto, Jonas Valančiūnas, akaumia. Biyombo akaingia mahali pake. Ku mechi ya 7 na Miami alifunga pointi 17 na kukamata rebondi 16. Tarehe 21 Mei, mbele ya Cleveland ya LeBron James, alikamata rebondi 26 mu mechi moja. Hakuna mtu wa Toronto aliyewahi kufikisha hesabu ile mbele yake. Pointi zake siku ile? Saba. Toronto ilishinda 99 kwa 84. Miezi miwili kisha, Orlando ikampa kontra ya dola milioni 72 kwa miaka 4.

Tuseme ukweli wote: hakugeuka nyota wa kwanza wa ligi. Mu drafti ile ile ya 2011, Klay Thompson aliitwa namba 11 na Kawhi Leonard namba 15, na wote wawili walimpita. Lakini mtu aliyeambiwa "hana kitu" mwaka wa 2012 alidumu mu NBA zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2022, akicheza Phoenix, alitoa mshahara wake wote wa msimu, karibu dola milioni 1.3, kwa kujenga hospitali Congo kwa kumbukumbu ya baba yake, aliyekufa 2021. Hesabu ile nayo haiko mu safu ya pointi.

JIWE MOJA SI MLIMA

Ninyi wachimbaji munajua mambo ya teneri kuliko mimi. Unapeleka mzigo ku depo, mnunuzi anachukua jiwe moja, anagusisha kimashine chake, anasema: "Mbili." Unalia, juu unajua mfuko mzima. Naye jiolojia wa kampuni hatoboi shimo moja akasema mlima wote ni shaba au wote ni mchanga. Anatoboa mengi, anapanga karoti za mawe mu masanduku, anasoma kutoka juu hadi chini, ndipo anaandika.

Msimu wa ruki ni jiwe moja. Pengine linadanganya kwa kushusha. Jimmy Butler, aliyeitwa namba 30 mu drafti ile ya 2011, mwaka wake wa kwanza Chicago alipewa dakika 8 na nusu kila mechi, akafunga 2.6. Miaka michache kisha alikuwa nyota wa ligi.

Pengine jiwe linadanganya kwa kupandisha. Emmanuel Mudiay, aliyezaliwa Kinshasa, aliitwa namba 7 na Denver mwaka 2015, namba ile ile ya Biyombo. Mwaka wa kwanza alifunga pointi 12.8 na kupatia wenzake mipira 5 na nusu ya kufunga kila mechi. Watu wakapiga makofi, na akaandikwa mu kikosi cha pili cha ruki bora. Lakini chini ya pointi zile kulikuwa namba nyingine: mitupo 36 tu mu 100 iliingia. Alipewa mpira sana, akatupa sana. Februari 2018 Denver ikamwachilia New York. Nasema hivi bila kumcheka. Kijana wa miaka 19 kuongoza ekipe ya NBA si kazi ndogo. Ila mfano wake unatufundisha kuuliza: pointi zile zilimgharimu mitupo mingapi?

Halafu kuna Jonathan Kuminga, mtoto wa Goma, aliyeitwa mwaka 2021. Namba? Saba tena. Watoto watatu wa Congo, 2011, 2015 na 2021, wote namba 7. Lakini tazama nyumba alizoingia kila mmoja. Biyombo aliingia ku watu walioshinda mechi 7. Kuminga aliingia Golden State, mu ekipe ya mabingwa, akapata dakika 17 na pointi 9.3, na Juni 2022 akavaa pete ya ubingwa angali ruki. Je, alikuwa bora mara mbili kuliko Biyombo? Hakuna anayeweza kusema kwa hesabu ile. Namba ya drafti ni bei ya sokoni siku ile. Haikuambii mlango mtoto alioupita.

HATA ASIYEITWA

Mwingine wa Lubumbashi: Oscar Tshiebwe, aliyezaliwa 1999. Mwaka 2022, ku chuo cha Kentucky, alikamata rebondi 15 kila mechi na kuchaguliwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Mwaka uliofuata, ku drafti ya 2023, watu 58 waliitwa. Yeye hakuitwa. Walisema hajafika urefu wa mtu wa kati, na hajui kulinda mbali na kikapu.

Alitia saini na Indiana ile kontra ya miguu miwili: mguu mmoja ekipe kubwa, mguu mwingine ekipe ndogo ya kulelea. Ku ligi ile ndogo akapata tuzo ya ruki bora ya msimu wa 2023-2024. Mchezaji bora wa vyuo hakuitwa, na asiyeitwa akawa ruki bora. Wapimaji wa NBA wanalipwa kwa kazi hiyo kila siku, na bado hukumu zao zinayumba hivyo. Sasa yule bwana anayetazama mtoto wako dakika kumi ku tereni ya udongo na kusema "huyu ni milioni", tumwamini kwa mizani gani?

SASA TURUDI NYUMBANI

Mwaka jana, kisha mkutano wa sendika, mwenzetu mmoja wa posti ya usiku alinivuta kando. Kijana wake wa miaka 15 alifunga pointi 31 mu mechi moja. Bwana mmoja aliona video, akaahidi kumpeleka Ulaya, na akaomba dola kwa kufungua dosie. Mwenzetu alikuwa ameanza kutafuta mnunuzi wa parsele yake. Tukaketi na mama wa mtoto. Tukauliza maswali matatu. Ile mechi alicheza na nani? Na watoto wa miaka 12. Klabu ya Ulaya inaitwa nani? Bwana hakutaja. Nani atalipa masomo? Kimya. Parsele bado iko yao, na kijana bado anacheza na anasoma.

Kwa hiyo, bazazi, haya njo maneno ya sendika kwa mtu mwenye mtoto anayecheza.

Kwanza, nunua daftari. Usiandike pointi peke yake. Andika dakika alizocheza, rebondi, mipira aliyopoteza, mitupo ya bure aliyotupa na iliyoingia. Mitupo ya bure haina mpinzani wala mwenzake: inaonyesha kazi ya mtoto mwenyewe. Kila miezi 3, mulinganishe mtoto na yeye mwenyewe wa zamani, si na mtoto wa jirani.

Pili, uliza kocha: "Ulimpa kazi gani leo?" Kisha umpime kwa kazi ile.

Tatu, mtazame anapotolewa nje. Anazira, ao anasimama kushangilia wenzake? Mwaka wa tatu wa Biyombo ulikuwa mtihani huo, na aliupita.

Nne, usidanganyike na urefu wa mapema. Mtoto wa miaka 14 anayepita wengine kichwa anashinda kwa mwili. Wenzake wakimfikia ku 17, mikono na akili njo vitasema. Na karatasi za kuzaliwa ziwe za kweli. Mwaka 2011 kulikuwa watu Marekani walioshuku umri wa Biyombo, juu tu ya kuwa ametoka kwetu. Kila mzazi anayepunguza miaka ya mtoto anawapa watu kama wale mafuta ya kuwasha moto juu ya watoto wote wa Congo.

Tano, sheria. Shirika la basketi la dunia, FIBA, halikubali mchezaji aliye chini ya miaka 18 ahamishwe kutoka inchi moja hadi nyingine kwa ajili ya kucheza, ila kwa hali za pekee zilizochunguzwa. Mtu akikuambia "kesho tunapanda ndege", mwombe karatasi, na kabla ya kutia saini ulete karatasi ile ku sendika, tuisome pamoja. Sisi tunasoma kontra za kampuni kila mwezi. Hatuogopi herufi ndogo. Na anayetaka falanga yako kwanza, huyo anatafuta falanga, hatafuti mchezaji.

Sita, masomo. Mutombo na Tshiebwe wote wawili njia yao ilipita mu shule. Goti likivunjika, diploma haivunjiki.

Tena, mlango si Ulaya peke yake. Tangu 2021 kuna ligi ya klabu za Afrika, BAL, na mwaka 2022 Espoir Fukash ya hapa Lubumbashi iliicheza. Mtoto anaweza kupimwa karibu na macho ya mama yake.

Nanyi mashefu munaosoma ukurasa huu, sikusahau. Kesho asubuhi kutakuwa kijana mupya mbele ya mlango wenu, na kaske ingali safi. Kabla ya kuandika "hafai" mu fishi yake, muulize mambo yale yale: aliingia mu ekipe gani, alipewa kazi gani, nani alimfundisha, na nini kilipanda tangu siku ya kwanza. Mukikosa jibu ku moja ya hayo, muda wake wa majaribio bado haujamjaribu yeye. Umewajaribu ninyi.